Ziwa Jipe: Upare Ng'ambo ya Maji

Bibi yetu alizaliwa Usangi, katika milima ya Upare, akaja Mombasa kwa kuolewa angali kijana. Mwaka huu magoti yamemlemea, naye akatuomba jambo moja tu: aione milima ya kwao. Hati ya kuvukia mpaka hakuwa nayo. Basi tukampeleka Ziwa Jipe, ambalo upande mmoja ni Kenya na wa pili ni Tanzania, na milima hiyo imesimama ng'ambo yake.

Tuliondoka baada ya Alfajiri. Voi tukaiacha barabara ya Nairobi, tukashika ya Mwatate na Maktau hadi Taveta, kisha njia ya vumbi. Kilimanjaro ilikwisha kujifunika mawingu. Wenye hamu ya kuiona theluji ni heri wawahi kuliko sisi. Bibi hakuiuliza. "Kile ni Kindoroko," akawaonyesha wajukuu. Mlima wa mita 2,113. Usangi yenyewe haikuonekana.

Watoto nao wakauliza ziwa liko wapi, maana mbele yao waliona matete. Jipe halina kina, takriban mita tatu tu. Mto Lumi huliletea maji ya Kilimanjaro, na vijito hushuka kutoka Upare. Lakini miteremko ikilimwa bila kinga, maji huja na udongo, na udongo huyastawisha matete. Wavuvi hupenyeza mitumbwi katika vijia vyembamba. Bibi alinyamaza kitambo. "Tulipokuwa tukiokota kuni juu kule," akasema, "liling'aa kama sinia."

Ziwa lina viboko na mamba, kwa hiyo watoto hatukuwaachia mkono, na udhu tulitia kwa maji ya mtungi tuliotoka nao nyumbani. Adhuhuri na Alasiri tulizisali pamoja, rakaa mbili mbili, tumeelekea kaskazini na Upare ikiwa mgongoni. Bibi alisali juu ya kiti. Alipotoa salamu, alikigeuza kiti kuelekea milimani.

Hapo mvuvi mmoja akamwamkia, naye akamjibu kwa Kipare. Akamuuliza habari za dada yake. Yule bwana hakumjua, ila msikiti alioutaja Bibi aliujua, akamweleza ulivyo sasa. Wakazungumza mpaka tukaanza kuhofia giza la njiani.

Tulipokaribia Mwatate tulidhani amelala. Kumbe alikuwa akifikiri. Akatuuliza hati ya kusafiria huchukua siku ngapi kutoka.