Mali ya Ukoo na Maisha ya Wakulima katika Vijiji vya Bara vya Waminangkabau, Indonesia

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi yanayowahusu Waminangkabau wa Sumatra Magharibi huanza kwa kauli kwamba katika jamii hiyo wanawake ndio wenye mali. Kauli hiyo si ya uongo, lakini haijitoshelezi. Mtu akiuliza katika kijiji cha nyanda za juu jaruba fulani la mpunga ni la nani, anaweza kupewa majibu matatu na watu watatu, na yote yakawa sahihi. Mwanamke anayelilima atasema ni lake, kwa kuwa alipewa na mama yake. Mjomba wake atasema ni la ukoo. Jirani aliyelishika kwa rehani naye atasema kwamba, mpaka atakaporudishiwa dhahabu yake, haki ya jaruba hilo ni yake.

Makala haya yanafafanua namna majibu hayo matatu yanavyoweza kukaa pamoja. Hoja kuu ni kwamba katika vijiji hivyo umiliki si uhusiano wa mtu mmoja na kitu chake, bali ni mgawanyo wa mamlaka: nani alime, nani avune, nani aseme kwa niaba ya wengine, na nani akizuia hakuna linaloweza kufanyika. Mgawanyo huo ndio unaotikiswa leo na hati miliki, ambayo hudai jina la mwenye ardhi liandikwe wazi.

2.0 Kijiji na Watu Wake

Waminangkabau huigawa nchi yao katika sehemu mbili. Ya kwanza ni darek, yaani nyanda za juu za bara zinazouzunguka mlima wa volkano wa Marapi, zenye wilaya tatu za asili: Tanah Datar, Agam na Limapuluh Kota. Ya pili ni rantau, yaani nchi za pembezoni na ugenini, ambako vijana wa kiume wamezoea kwenda kutafuta riziki. Udongo wa darek una rutuba ya majivu ya volkano, na miteremko yake imechongwa kuwa matuta ya majaruba yanayopokea maji kwa mifereji. Juu ya majaruba huwa kuna mashamba makavu ya mboga, kahawa na mdalasini, na juu zaidi msitu.

Kijiji huitwa nagari. Si mkusanyiko wa nyumba tu. Ni jumuiya yenye mipaka yake, msikiti wake, baraza lake na koo zake. Kwa desturi nagari huwa na koo zisizopungua nne, na kila mtu huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Ndani ya ukoo kuna matawi, na tawi mojawapo la msingi huitwa paruik, neno lenye maana ya tumbo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwani naye husema "ndugu wa tumbo moja" anapotaka kutaja undugu usio na shaka.

Watu wa tumbo moja walikuwa wakiishi katika nyumba kuu, rumah gadang, yenye paa lililopinda mithili ya pembe za nyati. Kila mwanamke aliyeolewa alikuwa na chumba chake humo. Mume alihamia kwa mkewe, lakini alibaki kuwa mtu wa ukoo wa mama yake. Katika nyumba ya mkewe alipewa heshima ya mgeni, si mamlaka ya mwenye nyumba. Mamlaka hayo yalikuwa ya kaka wa mama, aitwaye mamak, yaani mjomba. Leo familia nyingi huishi katika nyumba ndogo za mume, mke na watoto, na baba analea na kusomesha watoto wake. Hata hivyo, ardhi ya ukoo haikufuata mabadiliko hayo ya makazi, na hapo ndipo mivutano mingi inapoanzia.

3.0 Tabaka za Mali

Mila hutofautisha mali kwa historia yake, yaani ilipatikanaje na imepita mikono mingapi. Mali ambayo mtu ameichuma kwa jasho lake huitwa harato pancarian. Anapofariki na kuiacha, huwa pusako randah, urithi wa chini. Urithi huo ukikaa bila kugawanywa kwa vizazi kadhaa, mpaka isikumbukwe tena ni nani hasa aliyeuchuma, huwa pusako tinggi, urithi wa juu. Kwa hiyo mali hupanda ngazi kadiri jina la mchumaji wake linavyosahaulika.

Urithi wa juu haugawanywi kwa maana ya kukatwa vipande na kutolewa moja kwa moja. Kinachogawanywa ni matumizi. Kila mwanamke hupewa sehemu yake ya kulima, chini ya utaratibu uitwao ganggam bauntuak: sehemu anayo mkononi, lakini mzizi wake uko kwenye ukoo. Familia ya kudhaniwa yaweza kulifafanua jambo hili. Bibi mmoja ana majaruba sita, binti watatu na wana wawili wa kiume. Kila binti hupata majaruba mawili. Binti wa kwanza na wa pili wana watoto wa kike, ambao watapokea kutoka kwa mama zao. Binti wa tatu ana watoto wa kiume pekee. Wanawe hao wanaweza kuyatumia majaruba ya mama yao wangali hai, lakini hawawezi kuwaachia watoto wao, kwa sababu watoto hao ni wa ukoo mwingine, wa mama zao. Majaruba mawili yatarudi kwa mabinti wa mama wadogo na wakubwa. Tumbo zima likikosa mtoto wa kike, mali huhamia kwa tawi la karibu zaidi la ukoo uleule.

Mjomba mkubwa wa tawi, aitwaye mamak kapalo warih, ndiye msemaji wa mali hiyo mbele ya kijiji. Kazi yake ni kulinda, kusuluhisha na kuwakilisha. Hawezi kuuza kwa hiari yake, kwa maana kila tendo zito juu ya urithi wa juu hudai kauli moja ya wanachama watu wazima, wanawake kwa wanaume. Kusema kwamba wanawake ndio wenye mali ni kusahau sauti ya mjomba; kusema kwamba mjomba ndiye mwenye mali ni kusahau kwamba mwanamke mmoja akikataa, jambo husimama.

4.0 Rehani kama Kinga ya Maisha

Kwa mujibu wa mila, urithi wa juu hauuzwi. Huwekwa rehani, tena kwa sababu nne tu zinazotajwa kila mara: nyumba kuu inapovuja na haina wa kuitengeneza, binti aliyekomaa anapokosa mume kwa kukosa gharama za arusi, maiti inapokuwa imelala ndani na mazishi hayajapata fedha, na cheo cha mkuu wa ukoo kinapokuwa kimelala muda mrefu na kinahitaji kusimamishwa tena. Sababu hizo zina jambo moja linalozifunga pamoja. Hakuna hata moja iliyo haja ya mtu binafsi. Kila moja ni aibu ya ukoo wote. Katika maisha ya kila siku orodha hiyo imetanuliwa, na ada za shule, matibabu au mtaji wa safari ya rantau huweza kuingizwa humo.

Mwenye rehani hulitwaa jaruba na kulitumia mpaka mkopo utakaporejeshwa. Hakuna riba inayotajwa, lakini mavuno ni yake. Kwa kuwa mkopo unaweza kukaa miaka mingi, mara nyingi thamani yake huhesabiwa kwa dhahabu ili kuporomoka kwa fedha kusimwumize mkopeshaji. Aghalabu mwanamke aliyeweka rehani huendelea kulilima jaruba lilelile kwa makubaliano ya kugawana mavuno nusu kwa nusu. Hivyo ndivyo majibu matatu yaliyotajwa mwanzoni yanavyopatana: mwanamke analima, mwenye rehani anachukua nusu, na ukoo unabaki na haki ya kukomboa.

Serikali iliuona utaratibu huo kuwa unyonyaji. Sheria Na. 56 ya mwaka 1960 iliagiza kwamba ardhi ya kilimo iliyokaa rehani kwa miaka saba au zaidi irudishwe kwa mwenyewe bila malipo. Katika Sumatra Magharibi agizo hilo halikushika mizizi. Kwa wanakijiji, mkopeshaji mara nyingi ni ndugu au jirani aliyesaidia siku ya msiba, na kumnyang'anya dhahabu yake kwa kisingizio cha sheria ni kujifungia mlango wa msaada wa kesho. Hata hivyo, hoja ya serikali si ya kupuuzwa. Familia isiyo na mtu rantau wa kuleta fedha inaweza kulima ardhi yake kwa nusu, kizazi baada ya kizazi, bila ya kuikomboa.

5.0 Mila na Mirathi ya Kiislamu

Waminangkabau ni Waislamu, na mirathi ya Kiislamu humpa mtoto wa kiume na wa kike mafungu yaliyotajwa. Mgongano na urithi wa ukoo ni dhahiri. Vuguvugu la Padri la mwanzoni mwa karne ya 19, lililoishia katika vita na Waholanzi, lilipinga desturi nyingi lakini halikuuvunja urithi wa kikeni. Mwishoni mwa karne hiyo, Ahmad Khatib, mzaliwa wa Agam aliyekuwa imamu na mwalimu wa madhehebu ya Shafii mjini Makka, aliushutumu waziwazi: aliona kwamba wanaoishika mali hiyo wanakula haki ya warithi halali.

Jibu lililokuja kukubalika zaidi lilitoka kwa mmojawapo wa wanafunzi wake, Haji Abdul Karim Amrullah. Yeye aliufananisha urithi wa juu na wakfu. Mali ambayo mchumaji wake hajulikani haiwezi kuwa tirika ya marehemu yeyote, kwa kuwa hakuna marehemu aliyekuwa na haki ya kuiuza au kuitoa. Ni amana inayopita. Mwaka 1952 mkutano wa maulamaa, wakuu wa koo na wasomi uliofanyika Bukittinggi ulikubaliana kwamba mali ya kuchumwa ifuate mirathi ya Kiislamu, na urithi wa juu ufuate mila. Semina ya mwaka 1968 mjini Padang ilithibitisha mwelekeo huo.

Suluhu hiyo ilimfaa baba aliyetaka kuwaachia watoto wake alichokichuma, jambo ambalo kabla yake alilifanya kwa hiba. Lakini ilizalisha swali jipya. Mtu akijenga nyumba kwa fedha zake juu ya ardhi ya ukoo wa mkewe, au akifyeka shamba jipya la mdalasini katika msitu wa ukoo wake, alichoacha ni mali ya kuchumwa au ni urithi? Mche ni wake, udongo si wake. Kesi za namna hiyo haziamuliwi kwa kanuni pekee, bali kwa kumbukumbu ya majirani na kwa uzito wa wanaotoa ushahidi.

6.0 Hati Miliki na Hatari Yake

Sheria ya Msingi ya Ardhi Na. 5 ya mwaka 1960 inaitambua ardhi ya jumuiya za kimila, lakini haki iliyo kamili zaidi ndani yake ni hak milik, haki ya umiliki inayoandikishwa kwa jina. Usajili ulisukumwa kwa mpango wa kitaifa wa mwaka 1981, na tena kwa nguvu zaidi kuanzia mwaka 2017. Wakati huohuo, mamlaka ya kijiji yalikuwa yamedhoofishwa. Sheria Na. 5 ya mwaka 1979, iliyotekelezwa Sumatra Magharibi mwaka 1983, iliipokonya nagari kazi zake za kiserikali na kuigawa katika vijiji vidogo. Nagari ilirejeshwa mwaka 2000 kwa kanuni ya jimbo.

Ili ardhi ya ukoo isajiliwe, ukoo huhitaji kuonyesha ranji, yaani mchoro wa nasaba ya kikeni, pamoja na ridhaa ya wanachama. Ardhi yaweza kuandikwa kwa jina la mjomba kwa niaba ya wote, au kwa majina ya wanachama kadhaa. Njia zote mbili zina walakini. Jina la mjomba likibaki peke yake katika hati, watoto wake, ambao si wa ukoo huo, wanaweza siku moja kuishika hati hiyo na kudai kuwa ni tirika ya baba yao. Majina mengi yakiandikwa, wajukuu ambao hawajazaliwa hawamo, na walio rantau husahaulika. Mila ilijua kumhifadhia nafasi asiyekuwepo. Karatasi inamtambua aliyehudhuria siku ya kuandikisha.

Kwa upande mwingine, kutosajili nako si salama. Ardhi isiyo na hati haikubaliki kwa urahisi kuwa dhamana ya mkopo benki, na mnunuzi mwenye hati ya udanganyifu humtangulia mahakamani mkulima mwenye ushahidi wa mdomo. Mwanamke anayelima majaruba mawili yuko kati ya hatari mbili: asiposajili, mtu wa nje anaweza kumtangulia, akisajili, wa ndani anaweza kumtoa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mali katika vijiji vya bara vya Waminangkabau hueleweka kwa kufuata mamlaka yaliyogawanywa, si kwa kumtafuta mwenye mali mmoja. Mgawanyo huo umemhakikishia mwanamke mahali pa kulima na pa kurudi, hata ndoa ikivunjika. Na umempa mwanamume asiye na ardhi yake mwenyewe sababu ya kwenda rantau na heshima ya kurudi kama mjomba. Umeweza pia kuishi pamoja na mirathi ya Kiislamu kwa kutenga kila moja na mali yake.

Changamoto ya hati ni tofauti, kwa kuwa haiombi nafasi kando ya mila. Inataka kuziandika haki nyingi katika mstari mmoja. Usajili utakaozilinda familia hizi hauna budi kuandika aina ya mali pamoja na jina: kwamba hii ni ya ukoo, kwamba aliyeandikwa ni msemaji wake, na kwamba ridhaa ya wanawake wanaoilima ni sharti la kila uhamisho. Bila ya hivyo, jibu moja kati ya yale matatu litabaki katika daftari, na wawili waliokuwa nalo haki watalazimika kuthibitisha upya kile ambacho kijiji kizima kilikuwa kikikijua.