Binti wa Katwe na Mchezo wa Sataranji

Jioni hapa Nyakahanga tunawaona wanaume wanacheza bao na drafti. Akina mama hatuwaoni. Mama akikaa kwenye bao ataulizwa jikoni amemwachia nani. Basi leo tueleze habari ya binti wa jirani zetu Uganda, hapo ng'ambo ya Mto Kagera.

Anaitwa Phiona Mutesi. Alikulia Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala. Baba alifariki mapema, mama akauza mahindi. Ada ikakosekana, Phiona akaacha shule. Yapata mwaka 2005 alimfuata kaka yake mahali ambapo mwalimu Robert Katende alifundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Phiona alifuata uji.

Sataranji ni nini? Ubao una vyumba 64. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, askari na wengineo, na kila kete ina mwendo wake. Ukimbana mfalme wa mwenzako akakosa pa kukimbilia, umeshinda. Hakuna bahati nasibu, ni akili tu. Askari ndiye mdogo kabisa, lakini akivuka salama mpaka mwisho wa ubao anaweza kugeuzwa malkia.

Aliyemwonyesha Phiona kete hizi alikuwa mtoto wa kike wa miaka 4! Wengi wenu mliofundishwa kusoma na vijana wenye umri wa watoto wenu mnajua jambo hilo lilivyo.

Mwaka 2009 alikwenda Juba na wavulana wawili, wakarudi na ushindi. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika mashindano ya dunia huko Urusi. Mwaka 2012 mjini Istanbul, Uturuki, akapata cheo cha kimataifa cha wanawake. Kitabu juu yake kikatoka mwaka huo, na filamu mwaka 2016.

Je, mchezo ulimpa mshahara? Japani wapo wanawake wanaolipwa kwa kucheza go, mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe. Sumire Nakamura aliingia kazi hiyo mwaka 2019 akiwa na miaka 10 tu. Kwa Phiona haikuwa hivyo. Yeye alichopata ni shule. Kwa njia ya sataranji alipata wafadhili wa ada, akarudi darasani, na mwaka 2017 akaanza Northwest University, chuo kikuu huko Marekani. Benjamin Mukumbya, mmoja wa wale wavulana wa safari ya Juba, alijiunga naye chuoni hapo.