Je, Wajua? Pompeii ilivyoishi kabla ya majivu

Wageni wengi wanaofika Pompeii, kusini mwa Italia, hutaka kwanza kuonyeshwa waliokufa volkano ilipoufunika mji kwa majivu mwaka 79. Safu hii itawaacha wapumzike kidogo, ianze na waliokuwa na haraka zao asubuhi.

Je, wajua kwamba mtu wa Pompeii aliweza kuvuka barabara bila kulowesha kandambili? Mawe makubwa bapa yalipangwa kukatisha njia, yakinyanyuka juu ya maji machafu, na kati yake ziliachwa nafasi za kupitisha magurudumu ya mikokoteni. Magurudumu hayo yalichimba mifuo kwenye sakafu ya mawe. Watafiti wameichunguza mifuo hiyo, wakatazama upande gani wa jiwe ulioliwa zaidi, wakabaini kuwa baadhi ya mitaa ilipitika kuelekea upande mmoja tu.

Je, wajua kwamba wapangaji wengi wa vyumba vidogo hawakuwa na jiko? Walikula kwa mama lishe wa zama zile: kibanda kinachotazama barabara, kaunta ya mawe, na mitungi ya udongo iliyozamishwa ndani ya kaunta. Kimoja kilichotangazwa na wanaakiolojia mwishoni mwa mwaka 2020 bado kina rangi zake, na kwenye mitungi yalikutwa mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono. Ukutani amechorwa mbwa mwenye kamba shingoni. Pembeni ya mbwa huyo kuna tusi la nguoni lililokwaruzwa na mteja, au pengine mfanyakazi, ambaye bila shaka alikuwa na deni lake la kulipiza.

Bei nazo ziliandikwa. Ukuta wa kilabu kimoja unaeleza kuwa kwa sarafu moja ya shaba unakunywa, kwa mbili unakunywa divai nzuri zaidi, na kwa nne unapewa ya Falernum, iliyokuwa fahari ya Italia.

Je, wajua kwamba mikate 81 ilibaki ndani ya tanuri kwa karibu miaka 1,800? Ilikutwa mwaka 1862 katika duka la mwoka mikate, imekuwa makaa, lakini umbo ni lilelile: duara, imechanjwa vipande vinane ili imegeke kwa urahisi. Unga ulisagwa kwa vinu vya mawe ya lava vilivyozungushwa na punda au na watu. Hapo ndipo hadithi ya mkate inapokuwa chungu. Mwaka 2023 kilifukuliwa kiwanda cha mikate ndani ya nyumba ya tajiri mmoja: chumba kisicho na dirisha la kutazama nje, mwanga ukiingilia kwenye vitundu vyenye nondo za chuma. Sakafuni zimechongwa alama za kuwaongoza punda wanaozunguka wakiwa wamefungwa macho, wasigongane. Watumwa na wanyama walifungiwa humo pamoja. Mikate ile ya makumbusho hupigwa picha kila siku, ila vitundu vyenye nondo ndivyo vinavyostahili kutazamwa kwanza.

Je, wajua kwamba mji huu ulitajirisha watu kwa utumbo wa samaki? Utumbo na samaki wadogo walirundikwa na chumvi, wakaachwa juani wiki nyingi hadi watoe mchuzi uitwao garum, uliotiwa karibu kwenye kila chakula. Bwana mkubwa wa biashara hiyo, Aulus Umbricius Scaurus, alipamba ukumbi wa nyumba yake kwa picha za vijiwe vidogo zinazoonyesha chupa za mchuzi wake, zenye maneno ya kuusifu. Mgeni aliingia sebuleni na kukutana na tangazo.

Dobi naye alitumia mkojo. Ulikusanywa, ukachanganywa na maji, na wafanyakazi wakakanyaga nguo kwa miguu ndani ya mabeseni, kwa kuwa amonia huondoa mafuta. Kaizari Vespasian, aliyefariki Juni 79, aliona pesa hapo akaweka kodi ya mkojo.

Je, wajua kwamba kampeni za uchaguzi zilipakwa moja kwa moja kwenye kuta za watu? Uchaguzi ulifanyika kila mwaka, na matangazo zaidi ya 2,500 yamesomeka hadi leo. Kazi ilifanywa usiku na mafundi wa maandishi, mara nyingine na msaidizi wa kushika taa. Fundi mmoja, Aemilius Celer, aliandika tangazo la mapigano ya magladieta, kisha akaongeza kuwa alilichora peke yake kwa mwanga wa mwezi. Naomba asamehewe majivuno hayo, maana herufi zake ni nzuri kweli.

Wanawake hawakupiga kura, lakini majina yao yamo kwenye matangazo wakiunga mkono wagombea. Asellina na wenzake, wanaodhaniwa kuwa wahudumu wa kilabu, ni miongoni mwao. Vyama vya mafundi vilitangaza mtu wao: waoka mikate, madobi, wauza matunda. Naye mgombea aitwaye Vatia alijikuta akiungwa mkono hadharani na walevi wa usiku, na wezi wadogo, na watu wanaolala. Wanahistoria wengi wanaona hiyo ni kazi ya wapinzani wake. Yawezekana. Yawezekana pia walevi walimpenda kwa dhati.

Je, wajua kwamba Pompeii ilikuwa na diwani wa miaka sita? Tetemeko kubwa la mwaka 62 liliangusha hekalu la Isis, mungu wa kike aliyetokea Misri. Likajengwa upya kwa jina la mtoto, Numerius Popidius Celsinus. Baraza la mji likamshukuru kwa kumpa kiti bila malipo, na maandishi ya mlangoni yanataja umri wake. Siri ni kwamba baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Aliyeachwa huru aliweza kujaza sanduku la fedha, lakini sheria ilimzuia kuingia barazani. Mwanawe aliyezaliwa huru hakuzuiwa. Mzee alilipa, mtoto akakaa.

Wanawake wenye mali hawakukaa kimya. Eumachia, kuhani wa mji, alijenga jumba kubwa kando ya uwanja mkuu, na madobi wakamsimamishia sanamu. Julia Felix alibandika tangazo la kupangisha: bafu la watu wa heshima, fremu za maduka na vyumba vya juu, mkataba wa miaka mitano.

Maji yaligawiwa kutoka tangi lililojengwa kwenye lango la juu, yakapita mabomba ya risasi hadi mabafuni, kwa matajiri, na kwenye mabirika ya mitaani yapatayo 40. Kingo za mabirika hayo zimelika pale ambapo mikono iliegemea.

Je, wajua kwamba mji huu ulifungiwa michezo? Uwanja wake wa magladieta, wa karibu mwaka 70 KK, ndio wa mawe wa zamani zaidi unaojulikana. Mwaka 59 mashabiki wa Pompeii na wa Nuceria, mji jirani, walianza kwa matusi, wakaingia mawe, wakamaliza kwa visu. Baraza la Seneti mjini Roma likapiga marufuku mikusanyiko hiyo kwa miaka 10. Mtu mmoja aliichora ghasia ile ukutani kwa rangi, na mchoro upo makumbusho ya Napoli.

Na pwani yetu? Katika karne hiyohiyo ya kwanza, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi. Anaitaja bandari ya Rhapta, ambayo wengi huiweka katika pwani ya Tanzania ya leo, yenye mashua zilizoshonwa kwa kamba, pembe za ndovu na magamba ya kasa. Ndani ya Pompeii yenyewe, mwaka 1938 kilipatikana kinyago cha pembe kilichochongwa India.

Sasa waliokufa. Miili iliyooza ndani ya majivu iliacha uwazi, na kuanzia mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli aliujaza plasta. Sanamu moja maarufu, mtu mwenye bangili ya dhahabu na mtoto, ilisimuliwa miaka mingi kuwa mama na mwanawe. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa ni mwanamume, asiye na undugu na mtoto huyo.

Hata tarehe ya mlipuko inabishaniwa. Barua za Pliny Mdogo, Mroma aliyeushuhudia mlipuko huo, kama zilivyonakiliwa, husomwa Agosti 24. Mwaka 2018 yakapatikana maandishi ya mkaa ukutani yenye siku inayolingana na Oktoba 17, bila mwaka, na kwa kuwa mkaa hufutika upesi, wengine huona yaliandikwa muda mfupi kabla ya mlipuko. Wapo wanaoshikilia Agosti, na vitabu vingi bado viko upande wao. Huenda jibu bado limo ardhini, maana theluthi moja ya mji haijafukuliwa.