Ndugu wa Tumbo Moja, Majina Mbalimbali: Jinsi ya Kusoma Jina la Kirundi

Fomu nyingi zinazoandikwa kwa Kiswahili, iwe ni ya kujiandikisha chuoni, ya hospitali au ya mpakani, huuliza mambo matatu: jina la kwanza, jina la baba na jina la ukoo. Kwa mwanafunzi aliyezaliwa Tanga au Mombasa maswali haya si mazito. Kwa mwanafunzi aliyezaliwa Gitega au Ngozi, mara nyingi swali la tatu halina jibu. Tangu Burundi na Rwanda zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wanafunzi wetu wengi huvuka mpaka kwenda kusoma, na wengi wao hukutana na fomu hizo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jina la Kirundi limejengwaje, kwa nini watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kufanya nini na elimu hiyo.

Izina ni la mtu, si la ukoo

Kwa desturi ya Warundi, na ya Wanyarwanda vilevile, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, liitwalo izina. Tuseme baba anaitwa Bizimana na mama Nsengiyumva. Watoto wao watatu wanaweza kuitwa Iradukunda, Nduwayo na Niyonkuru. Hakuna aliyerithi jina la mwenzake, na wote ni ndugu wa tumbo moja. Mama naye haachi jina lake anapoolewa. Si kwamba koo hazipo. Zipo, na watu wanazijua, ila haziandikwi katika jina.

Pamoja na izina, Wakristo huwa na jina la ubatizo, aghalabu la Kifaransa, kama Jean-Bosco au Espérance. Katika hati za serikali izina hutangulia, na jina la ubatizo hufuata. Hapo ndipo makosa huanza. Karani aliyezoea mpangilio wa Kitanzania akiona "Niyonkuru Espérance", hudhani Niyonkuru ni jina la kwanza na Espérance ni jina la ukoo. Mwanafunzi huyo akija na kaka yake, Iradukunda Jean-Bosco, karatasi zitaonyesha watu wawili wasiohusiana.

Ni kweli kwamba siku hizi ziko familia zinazowapa watoto izina la baba kama jina la familia, kwa mtindo wa Ulaya. Tena, mjini Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, Waislamu aghalabu hutumia jina la mtoto likifuatwa na la baba, kama ilivyo pwani. Kwa hiyo darasa moja linaweza kuwa na mifumo mitatu. Mwalimu hana budi kuuliza, asikisie.

Jina ni sentensi

Majina mengi ya Kirundi ni sentensi kamili. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejua viambishi anaweza kuzifungua bila shida kubwa. Tuchukue Iradukunda na tuliweke kando ya tafsiri yake:

I-ra-du-kunda
A-na-tu-penda

Viungo ni vinne kwa vinne. Kiambishi cha mtenda, cha wakati, cha mtendwa, halafu shina la kitenzi. Hata hiyo du ni tu yetu. Imegeuka kuwa du kwa sababu silabi inayofuata inaanza na k. Mwalimu anayetaka kuonyesha undugu wa lugha za Kibantu hahitaji kwenda mbali. Mfano umo katika orodha ya mahudhurio.

Mungu aliyefichwa katika ngeli

Lakini nani anatupenda? Jina halimtaji. Jibu limo katika kiambishi i-. Kwa Kiswahili, neno Mungu limo katika ngeli ya A-WA, nasi twasema "Mungu anatupenda". Kwa Kirundi na Kinyarwanda, neno Imana limo katika ngeli inayolingana na I-ZI yetu. Kwa hiyo Mrundi husema, neno kwa neno, "Imana inatupenda". Masikio yake yakisikia i-, -yi- au -yo katika jina la mtu, yanajua anayesemwa ni Imana, ingawa hakutajwa.

Ukishika ufunguo huu, majina mengi hufunguka. Ndayishimiye, jina la Rais Évariste Ndayishimiye aliyeingia madarakani Juni 2020, ni nda-yi-shimiye, yaani "nimemshukuru". Ndayizeye, jina la Domitien Ndayizeye aliyekuwa Rais kuanzia 2003 hadi 2005, ni "ninamtumaini". Katika yote mawili, -yi- ndiyo -m- yetu. Niyonkuru ni ni-yo-nkuru, "yeye ndiye mkuu". Nduwayo ni "mimi ni wake". Nsengiyumva ni "namwomba asikiaye".

Hapa pana tahadhari moja. Nkuru iliyomo katika Niyonkuru ni kivumishi, "kubwa". Nkuru iliyomo katika Nkurunziza, jina la Pierre Nkurunziza aliyekuwa Rais kuanzia 2005 hadi 2020, ni nomino, "habari", na jina zima ni "habari njema". Maandishi ni yale yale, maana ni mbili. Ndiyo maana tunawaomba wanafunzi wasikimbilie kufasiri jina kwa kuangalia kipande kimoja tu.

Ha- isiyokanusha

Mwanafunzi wa Kiswahili akiona Habimana au Hakizimana, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye ha-, kiambishi cha kukanusha katika "hapendi" na "hasomi". Akilifuata jicho hilo, atapata maana iliyo kinyume kabisa. Ha- hii ni ya mahali. Ni ndugu wa pa- yetu katika "pana watu", ambayo Kirundi husema "hari abantu". Habimana, basi, ni kama kusema "pana Mungu", yaani Mungu yupo. Hakizimana ni "anayeokoa ni Mungu". Habyarimana, jina la Juvénal Habyarimana aliyeitawala Rwanda kuanzia 1973 hadi 1994, lina umbo hilo hilo: "anayezaa ni Mungu".

Ukanushaji wa Kirundi hutumia nta-, nti- na si-. Ntakirutimana ni "hakuna kinachompita Mungu". Hiyo si- ya nafsi ya kwanza ni ile ile tuliyo nayo sisi katika "sijui" na "sitaki".

Majina ya hesabu

Kundi jingine ni la majina yanayotokana na mpangilio wa kuzaliwa. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Ciza. Waganda nao wana desturi kama hiyo: pacha wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato, na anayewafuata ni Kizza. Kwa Warundi hesabu huendelea: Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa na Bucumi wa kumi. Nane na kumi mwanafunzi atazitambua mara moja. Kuhusu tisa, Kirundi husema icenda, nasi tukumbuke kwamba Kiswahili cha zamani kilihesabu "saba, nane, kenda, kumi".

Jina Ciza ni funzo pia la tahajia. Herufi c ya Kirundi husomwa kama ch ya Kiswahili. Anayesoma kwa mazoea ya Kifaransa hutamka "Siza", na anayeandika kwa kusikia huandika "Chiza", kama linavyoonekana mkoani Kigoma. Mtu mmoja akiwa na cheti cha Ciza na kitambulisho cha Chiza, kwa afisa hao ni watu wawili.

Majina ya kujibu

Yako pia majina ambayo mzazi aliyatoa ili kusema neno lililomkaa moyoni. Nzikobanyanka ni sentensi ya ndani ya sentensi: "najua kwamba wananichukia". Aliyelengwa si mtoto, ni watu walio karibu, nao watalisikia kila mtoto anapoitwa. Sindayigaya ni "simlaumu", na hiyo -yi- inatuambia asiyelaumiwa ni nani. Ni maneno ya mtu aliyeguswa na mambo ambayo mwingine angemlaumu Mungu kwayo. Ntirampeba ni "bado hajaniacha".

Majina haya ni historia fupi ya nyumba fulani. Hatushauri mwalimu amwombe mwanafunzi alieleze jina la namna hii mbele ya wenzake, kwa kuwa huenda linataja ugomvi au msiba ambao familia haikutaka kuutangaza. Akilieleza kwa hiari yake, ni vyema.

Tufanye nini?

Warundi waliokimbilia Tanzania katika vipindi vya 1972, 1993 na 2015 waliandikwa majina yao na watu waliouliza kwa Kiswahili. Wanafunzi wanaovuka mpaka leo huandikwa vivyo hivyo. Jina likikatwa, likitafsiriwa au likipelekwa katika nafasi isiyo yake, cheti hakilingani na pasipoti, na ndugu hawezi kumdhamini ndugu yake. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo katika hati ya kuzaliwa. Lisigawanywe, na r isigeuzwe kuwa l. Pili, asiye na jina la ukoo asilazimishwe kubuni moja papo hapo. Aulize ofisi husika ijaze nini, kisha ajaze hivyo hivyo katika karatasi zake zote. Tatu, undugu uthibitishwe kwa majina ya wazazi yaliyomo katika hati ya kuzaliwa, wala si kwa kufanana kwa majina ya watoto. Nne, mwalimu asikisie jinsia kutokana na izina. Ndayishimiye anaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Yako majina yanayoonyesha, kama Inamahoro, "mama wa amani", ambalo ni la kike, lakini mengi hayaonyeshi.

Tano, na hili ndilo la darasani: majina yatumike kufundishia sarufi. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni Iradukunda, Ndayizeye, Habimana na Ntakirutimana, kisha akawataka wanafunzi wayakate viambishi na kuandika chini ya kila kimoja kiambishi cha Kiswahili kinacholingana nacho. Wanaojua Kirundi watakuwa walimu kwa saa nzima, na wanaojua Kiswahili pekee wataona kwamba lugha ya jirani haiko mbali kama walivyofikiri. Warundi na Wanyarwanda husema "kwita izina", na mgeni asiyejua neno la Kinyarwanda amelisikia, kwa kuwa ndilo jina la sherehe ya kuwapa majina watoto wa sokwe inayofanyika Rwanda tangu 2005. Sisi husema "kuita jina". Anayelisikia moja ameshalielewa la pili.