Waziri wa Afya Ana Nini Mkononi? Habari za Dk. Leader Stirling



Kamati ya huku Sola inapofika kwenye ajenda ya afya, haipiti dakika kumi kabla mjumbe mmoja hajauliza, "Hivi Waziri wa Afya yeye anafanya nini?" Swali huulizwa kwa uchungu, kwa sababu anayeuliza mara nyingi ametoka zahanati na cheti mkononi, ameambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Wafadhili nao hutuuliza kwa namna yao: kama nchi ina Wizara, kwa nini kanisa lihangaike na hospitali? Katika toleo hili tumeona tuyajibu maswali yote mawili kwa kumwangalia mtu mmoja aliyewahi kukaa pande zote mbili za meza. Huyo ni Dk. Leader Stirling, daktari wa misheni aliyekuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980.

Miaka 40 kabla ya uwaziri

Stirling alizaliwa Uingereza mwaka 1906 na kusomea udaktari London. Mwaka 1935 alikuja Tanganyika akiwa daktari wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa ikifanya kazi kusini mwa nchi, akapelekwa Lulindi karibu na Masasi. Hospitali aliyoifanyia kazi ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Humo alipasua, akazalisha, akafunga vidonda. Pia alifundisha wauguzi, na hili wasomaji wetu walitie maanani, maana daktari mmoja katika eneo kubwa vile hafiki popote bila mikono ya wenyeji.

Alikaa Lulindi miaka 14. Mwaka 1949 alijiunga na Kanisa Katoliki, kwa hiyo akatoka UMCA, lakini kusini hakukuacha. Alihamia Mnero, Nachingwea, kwenye hospitali ya Wabenediktini, akafanya kazi huko miaka mingine 15. (Nachingwea ndiko serikali ya kikoloni ilikomwaga fedha nyingi katika mradi wa karanga ulioachwa mwaka 1951. Wakulima wetu wa pamba wataelewa bila kuelezwa zaidi.) Baadaye alikwenda Kibosho, Kilimanjaro, nako akawa daktari wa hospitali ya misheni.

Kwa hiyo alipoingia wizarani alikuwa ameshaona hospitali ya kijijini kwa miongo mitatu na zaidi. Alijua taa ya chemli inavyozimika katikati ya upasuaji, na mgonjwa anavyobebwa kwenye machela siku nzima.

Mzungu aliyechaguliwa kwa kura tatu

Safari yake ya siasa ilianza na uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wazee wetu wanaoukumbuka kwa jina la kura tatu. Wakoloni waliweka sharti kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Watu wengi ndani ya TANU walitaka kuususia. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi waukubali uchaguzi na kuunga mkono Waasia na Wazungu waliokuwa tayari kusimama na chama. Stirling alikuwa mmojawapo. Kipindi hicho TANU ilikuwa haijafungua uanachama kwa wasio Waafrika, kwa hiyo aliingia bungeni kwa kuungwa mkono na chama ambacho hakuruhusiwa kuwa mwanachama wake. Alikaa bungeni mpaka 1980, huku kwa miaka mingi akiendelea kushika kisu cha upasuaji.

Aliyoyakuta wizarani

Mwaka 1975 aliupokea uwaziri kutoka kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha kuanza. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilikuwa imewakusanya watu kwa vikundi kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Chama kilikuwa kimekwisha kuamua kwamba fedha za afya ziende kwanza vijijini, hospitali kubwa za mjini zisubiri. Stirling hakulibuni wazo hilo, ila ni mtu aliyekuwa ameliishi.

Tazameni mwelekeo wa takwimu. Wakati wa Uhuru mwaka 1961, vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22 nchi nzima. Kufikia 1980 vilikuwa 239. Zahanati nazo zilitoka karibu 1,000 zikapita 2,500. Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza mwaka huohuo alioingia, 1975. Mwaka 1977 kipindupindu kililipuka kwa nguvu, na tangu hapo hakijatuacha kabisa. Mwaka 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, na kutangaza kwamba msingi wa afya ni huduma ya kwanza iliyo karibu na wananchi, Tanzania ilikuwa imeshatembea sehemu ya njia hiyo.

Sasa, uchungu wa habari hii uko hapa. Jengo hujengwa mara moja, lakini dawa hununuliwa kila mwezi. Dawa nyingi zilitoka nje na zilitaka fedha za kigeni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mwaka uliofuata tukaingia vitani na Idi Amin, na bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Zahanati mpya zilifunguliwa wakati hazina inakauka. Waziri hakuwa na mamlaka juu ya hazina.

Kulikuwa na kamba nyingine ambayo watu wengi wameisahau. Kwa mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, halmashauri za wilaya zilifutwa na watumishi wa mikoani wakawekwa chini ya uongozi wa mkoa uliowajibika kwa Waziri Mkuu. Mganga wa zahanati huku kwetu, ambako wakati huo tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, aliongozwa na maelekezo ya kitaalamu ya Wizara ya Afya, lakini fedha na usimamizi wake vilipitia mkoani. Waziri alitoa sera na kusimamia mafunzo na hospitali kubwa. Zahanati ya kijijini haikuwa mkononi mwake moja kwa moja.

Sheria ya 1977 na hospitali za makanisa

Mwaka 1977, Stirling akiwa waziri, ilitungwa sheria iliyokataza matibabu ya binafsi kwa ajili ya faida. Mashirika ya dini yaliruhusiwa kuendelea. Kwa maoni yangu sheria hiyo haikumgusa sana mwanakijiji, kwa sababu daktari wa binafsi hakuwa amewahi kufika kijijini ili afukuzwe. Ilichofanya ni kuliacha kanisa likiwa mshirika karibu pekee wa Serikali katika tiba, jambo lililotupa heshima na mzigo kwa pamoja.

Uhusiano huo ulikuwa na misukosuko. Hospitali ya Bugando, ambayo wagonjwa wetu wa rufaa hupelekwa Mwanza, ilijengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata Serikali iliitaifisha, na mwaka 1985 ikaurudisha uendeshaji kwa Maaskofu kwa makubaliano maalum. Katika wilaya zisizokuwa na hospitali ya Serikali, hospitali ya misheni iliteuliwa kuwa ya wilaya. Ndiyo asili ya jina "Hospitali Teule". Matibabu ya binafsi yaliruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1992 makanisa, likiwemo letu la KKKT, yalitia sahihi hati ya makubaliano na Serikali, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa kuyasimamia. Hilo ndilo jibu kwa wafadhili: hospitali hizi zimo ndani ya mfumo wa nchi, na palipo na mkataba wa huduma Serikali huchangia watumishi na fedha za uendeshaji. Mara nyingi kinachobaki bila mwenyewe ni nyumba za watumishi, maji na umeme.

Stirling alitoka bungeni mwaka 1980. Alikuwa ameandika habari za maisha yake katika vitabu, na kile cha "Tanzanian Doctor" kilitoka 1977, akiwa bado ofisini. Alifariki mwaka 2003 akiwa na miaka 97.

Na leo dawa zikosekane, tumwendee nani?

Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984. Zahanati na vituo vya afya vya umma viko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI. Wizara ya Afya hutoa sera, miongozo na viwango, na husimamia hospitali za rufaa. Dawa hununuliwa Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari ikikosa, upo mfumo wa mshitiri, yaani muuzaji wa mkoa aliyepatikana kwa zabuni.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo chenyewe. Mpango wa matumizi hupitia kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Wengi wa wanaotuuliza Waziri anafanya nini hawajui majina ya wajumbe hao, na pengine mmoja wao ameketi nao benchi moja kila Jumapili.

Tunaomba basi kila kamati ya usharika ifanye mambo mawili kabla ya kikao kijacho. Kwanza, mtafuteni mwakilishi wenu katika kamati ya zahanati, mumwombe awaeleze fedha za robo iliyopita ziliingia kiasi gani na zilinunua nini. Pili, maombi ya kuchangiwa dawa yanayoletwa ofisini kwetu yaambatane na maelezo hayo, ili tunapowaandikia wafadhili tuweze kuonyesha ni pengo gani halisi linalobaki.