Saa Kumi na Moja Jioni, Kibugu

Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile Wakenya waliyoibandika jina la mbunge wa wakati huo, Mututho, inasema siku za kazi baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni. Huku Kibugu, juu ya mji wa Embu ambako mashamba ya chai yanapakana na msitu wa Mlima Kenya, saa hiyo majani yameshapimwa, mtu amenawa miguu na ana mia mbili mfukoni. Anayetaka kuacha pombe anapambana na chupa, ni kweli. Ila anapambana pia na hiyo saa, na njia inayopita mlangoni pa kilabu, na marafiki wanne waliomwekea kiti.

Tuanzie kichwani. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza neva, na huibana glutameti, inayozichangamsha. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha: hupunguza usikivu kwa kitulizo na huzidisha uchangamfu, ili mambo yalingane pombe ikiwamo. Ukiikata ghafla, uchangamfu unabaki bila breki. Ndiyo ile mikono inayomwaga chai asubuhi, na ndiyo sababu glasi ya "kutoa loki" hutuliza kweli. Mlevi hasemi uongo hapo. Kwa mnywaji mzito, kifafa huweza kumpiga ndani ya siku mbili za kwanza, kisha katika siku ya tatu au ya nne huweza kuja kuweweseka kunakoweza kuua. Basi anayetangaza kanisani Jumapili kwamba ameacha, halafu akajifungia nyumbani apigane peke yake, anacheza na maisha yake. Apitie hospitali kwanza, apewe diazepamu inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Hakuna kikundi kinachotibu kifafa.

Dawa ikimaliza kazi yake, kwa kawaida ni siku chache tu, jioni inabaki pale pale.

Mwaka 1935, mjini Akron huko Ohio, Marekani, mfanyabiashara wa hisa Bill Wilson na daktari mpasuaji Bob Smith, wote walevi, waligundua kwamba kuzungumza na mlevi mwenzako kunakusaidia wewe usinywe. Hapo ndipo ilipozaliwa Alcoholics Anonymous (AA), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha. Wanasayansi wengi waliikunjia uso kwa miongo, na mimi ningewaunga mkono: inanuka mahubiri, na haina daftari la mahudhurio. Mwaka 2020, John Kelly na wenzake wakakusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Katika tafiti zilizopangwa vizuri, waliopelekwa AA kwa utaratibu maalumu walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka kwa kiasi cha asilimia 42. Waliopata tiba nyingine, kama ile ya kurekebisha fikra na tabia, asilimia 35. Kelly alipochunguza siri iko wapi, sala haikuongoza orodha. Kilichojitokeza zaidi ni watu: mhudhuriaji hubadilisha anaokaa nao, na huanza kuamini kwamba anaweza kuketi kati ya wanywaji asinywe.

Hapa nchini, Rebecca Papas na wenzake waliijaribu tiba hiyo ya kurekebisha fikra na tabia, ila katika vikundi, Eldoret, kwa wagonjwa wa kliniki za VVU waliokuwa wakinywa. Vikao sita vya kikundi viliongozwa na watu wasio madaktari, waliofunzwa kazi hiyo. Katika jaribio la kwanza la watu 75, lililochapishwa mwaka 2011, siku 90 baadaye asilimia 69 ya waliohudhuria walisema hawanywi, dhidi ya 38 ya wengine. Idadi ni ndogo, na ni maneno ya mnywaji mwenyewe. Hata hivyo waliongeza jaribio kubwa la watu 614, na vikao hivyo vikazidi kushinda.

Embu inajua bei ya kunywa bila mtu wa kukushika mkono. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu wengi hapa na katika kaunti nyingine. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, inayoua neva ya jicho, ndiyo maana waliopona wengine walibaki vipofu. Mtaa mmoja mjini uliolizwa vibaya unaitwa Shauri Yako. Sijui jina lingine linalosema wazi hivyo tunavyomwambia mlevi.

Kupata kikundi, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, au uliza hospitali ya rufaa ya Embu. AA haidai ada, na watu wawili wanatosha kuanza. Kibugu tayari tunajua chama cha akiba kinavyoendeshwa, kwa hiyo kitu kimoja tu ndicho kigeni: kwenye chama, anayekosa hutozwa faini, hapa, aliyeteleza akarudi hukaribishwa na chai.

Usiri ndio mgumu. Kanuni ya kutotaja majina ilibuniwa mjini, ambako hujulikani. Huku, bodaboda aliyekubeba anamjua shemeji yako, na mama wa nyumbani anayekunywa kwa siri ataogopa ukumbi wa kikundi kuliko kilabu. Wapo watakaokwenda kuketi Embu mjini, na wanaobaki wasiwacheke. Ila popote kikundi kitakapokuwa, kisikutane Jumamosi asubuhi kwa sababu ukumbi uko wazi. Kikutane saa kumi na moja. Na Oktoba, bonasi ya chai ikiingia, wapange mapema nani atamsindikiza nani benki, na ni njia gani watakayorudia nyumbani.