Nimeongezwa! Kwa Kiingereza Unasemaje?

Saa kumi jioni meseji inaingia: "Mamaa, nimeongezwa laki mbili!" Wewe uko Kahama mjini, mwenzio yuko kambini mgodini na hatoki mpaka zamu yake iishe. Unaruka, unampigia dada yako aliyeko Shinyanga, na kichwani friji jipya tayari limeshakaa jikoni. Tulia kwanza, mpenzi msomaji. Neno "nimeongezwa" ni tamu lakini lina mambo yake, hasa linapovuka kwenda lugha nyingine. Na kwenye migodi yetu lazima livuke, maana barua za kazi nyingi huandikwa kwa Kiingereza.

Kiswahili kinasema "nimeongezwa" au "nimepandishiwa mshahara", na aliyefanya hivyo hatajwi. Eti ni sisi tu? Wapi! Wapo wajomba zetu wahandisi na wataalamu wa miamba waliosoma Moscow enzi za Kisovieti, baadhi kwenye kile chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Mkalishe mmoja, atakwambia Mrusi husema "mne povysili zarplatu", yaani "wamenipandishia mshahara", na hao waliopandisha hawajulikani ni akina nani. Nyongeza yenyewe huitwa "pribavka", limetoka kwenye kitenzi cha kuongeza, sawasawa na letu. Ila kuna "nadbavka", kama ile wanayolipwa wanaofanya kazi kwenye baridi kali ya kaskazini. Hiyo ukiitafsiri "raise" umeharibu. Ile ni posho ya mazingira magumu, ukihama kule unaiacha kule. (Na posho nayo, wazee wetu walipoitaja vibaruani walimaanisha unga wa ugali, siyo bahasha ya semina!)

Mwenye Kiingereza chake anajiweka mbele: "I got a raise." Mimi nimepata. Lakini Kiingereza kipi? Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2001, ni ya Barrick ya Canada, na huko wanasema "raise". Geita, ulikoanza mwaka 2000, kampuni ina mizizi Afrika Kusini, na Msauzi atakwambia "increase". Aliyesoma vitabu vya Uingereza anaandika "pay rise". Zote sahihi. Tatizo ni pale unaposema "nimepandishwa" ukaitafsiri "promotion", kumbe umepandishwa mshahara tu na cheo ni kilekile. Au kinyume chake, na hiyo ndiyo inayouma: cheo kipya, majukumu mapya, mshahara wa zamani.

Kasheshe kubwa iko kwenye kuomba. Kwetu unaingia kwa bosi kwa adabu, unamjulia hali, halafu: "Mzee, naomba uniangalie, hali ni ngumu." Mswahili ameshaelewa kila kitu. Mpeleke mzungu hivyohivyo, "please look at me, life is hard", naye atakuangalia kweli, akupe pole, arudi kwenye kompyuta yake. Hata "naomba" ikigeuka "I beg", umejishusha bila sababu. Kwa Kiingereza anza na "I would like to discuss my salary", kisha mweleze kazi: mitambo uliyoitunza isisimame, vijana uliowafundisha, zamu ulizoshika. Ada ya shule ya watoto mwachie mjumbe wa chama cha wafanyakazi, yeye ataisemea mezani kwenye mkataba wa hali bora.

Kuna maneno hayatafsiriki kabisa. Mei Mosi ya 2022 pale Dodoma, Rais Samia aliwaambia wafanyakazi kwamba lile "jambo letu" lipo. Uwanja ukalipuka! Iandike kwa Kiingereza uone: "our matter is there." Haina maana yoyote. Siku chache baadaye jambo likapata tarakimu, asilimia 23.3 kwenye kima cha chini cha serikali, na wengi wa ngazi za juu waliofungua hati zao za mshahara Julai hawakuiona hiyo 23.3, kwa sababu "kima cha chini" maana yake ni hichohicho, cha chini.

Turudi kwenye laki mbili za mwenzio. Tuseme mshahara wake wa msingi ulikuwa 1,500,000 na sasa ni 1,700,000. Katika ile 200,000, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 20,000. Inayobaki, 180,000, inakatwa kodi ya asilimia 30, ambayo ni 54,000. Kama bado anarudisha mkopo wa chuo, Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 30,000 nyingine. Mkononi inafika 96,000.

Hapo ndipo ndoa za watu zinapotikisika. Mwisho wa mwezi wewe unatafuta laki mbili, yeye ana tisini na sita, na unaanza kujiuliza kuna nani mwingine huko Geita. Hakuna mtu. Hakukudanganya pia, alisoma barua ilivyoandikwa, na barua ilitaja mshahara kabla ya makato.

Kwa hiyo jioni ile mjibu hivi: "Hongera sana baba! Hiyo ni kabla ya makato au baada?" Halafu umpigie tena dada wa Shinyanga, umwambie friji lisubiri.